Kijino Kimoja cha Mizani

Rehema, ile mizani ya shaba uliyoikuta kwenye meza ya dirishani hapo karakana usiipake rangi, na usimruhusu mtu mwingine aipake. Najua inaonekana kama kitu kilichookotwa mnadani. Juzi ulinipigia simu kuniuliza kwa nini hatuitupi wakati sasa tuna ya betri, nikakukatia simu. Nisamehe. Nilikuwa na jibu refu na chaji ndogo. Sasa nimestaafu, nina daftari, nina kivuli cha nyumba yangu hapa Mhunze, na wanaonisumbua ni mbuzi wa jirani tu. Kaa usome.

Habari za nani alipandishwa cheo hazimo humu. Karakana yetu ya Ibadakuli ilikuwa na vyeo viwili, fundi na asiye fundi, na mimi nilikaa kwenye cha pili miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilianza maisha na cherehani sokoni Shinyanga. Siku moja Mzee Maganga, fundi wa bunduki, alileta turubai nimshonee mfuko wa bunduki. Nikaiangalia ile turubai, nikamwambia, "Mzee, hii haitoshi. Imepungua nusu inchi." Akacheka. Akatoa rula mfukoni, akapima, akaacha kucheka. Baada ya siku tatu akarudi, bila turubai.

"Mama Kulwa," akasema, "unaweza kupima kitu kidogo kuliko kifungo?"

Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka mitatu, na baba yao alishakwenda kutafuta maisha ambayo mpaka leo hajayapata. Nikasema naweza. Sikujua nakubali nini.

Wewe unaijua kazi, lakini naandika pia kwa atakayekuja baada yako. Karakana ilikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki na kujaza upya risasi. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki. Ganda likisafishwa, likapimwa, likawekwa fataki mpya ya kuwashia nyuma, baruti ndani na kichwa mbele, linakuwa risasi tena. Wateja wetu wakubwa walikuwa walinzi wa wanyamapori wa kambi moja ya uwindaji, huko ndani baada ya Ushirombo, wenye bunduki kubwa za zamani ambazo risasi zake mpya ukiagiza unasubiri mpaka unasahau uliagiza nini. Baruti ikipungua, risasi inakwama kwenye mtutu. Ikizidi, bunduki inapasuka, na mwenye bunduki kaiweka shavuni. Kazi yetu yote iko kati ya hayo mawili, na nafasi ya katikati ni nyembamba.

Siku ya kwanza niliingia na kitenge kipya na sabuni ya kunukia. Nikasema shikamoo. Mzee Maganga akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Ng'oa unywele mmoja."

"Wa nani, Mzee?"

"Kuna mwingine humu mwenye nywele?" Yeye alikuwa na upara unaong'aa kama sufuria ya harusi.

Nikang'oa. Akanipa maikromita, kile kifaa kinachofanana na herufi C chenye mpini wa kuzungusha, akaniambia nipime unene wa unywele mara kumi na kuandika. Nikapata majibu kumi. Sio mawili, sio matatu, kumi! Akayasoma yote taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

"Unabana kama unaua chawa," akasema. "Kitu hakibanwi, mwanangu, kinaguswa. Zungusha hiki kidude cha nyuma mpaka kilie mara tatu. Tika, tika, tika. Kikishalia, mkono wako hauna kazi tena."

Wiki nzima nilipima nywele zangu. Ijumaa nikapata majibu kumi yanayofanana, na upande wa kushoto wa kichwa changu ulikuwa umepungua waziwazi. Mzee akanipa soda. Sijawahi kunywa soda tamu vile, na nimekunywa nyingi.

Baada ya hapo akanifungulia kabati. Rehema, nyie mmezoea vitu vya betri vinavyowaandikia namba, mnaona ni vya kawaida. Mimi nilipofunguliwa lile kabati nilishika mdomo. Venia ya chuma ya kupimia urefu, yenye mistari myembamba mpaka unahisi aliyeichora alikuwa ameshikilia pumzi. Geji ya ganda, kipande cha chuma chenye tundu: ganda likitumbukia likakaa sawa na ukingo, ni zima, likichungulia, hata kidogo tu, kucha ya kidole gumba inalikwaa, na ganda linakwenda kwenye ndoo. Sikuamini kwamba kucha yangu, iliyozoea kuparua magamba ya sato, ina akili kiasi hicho. Mpaka leo naishukuru.

Na juu ya vyote ile mizani. Kwa asiyeijua: ni mkono wa shaba unaolala juu ya kisu, upande mmoja sahani ya baruti, upande mwingine sindano inayotazama mstari. Juu ya mkono kuna meno madogo kama ya kitana, na kijiwe kinachohamishwa kutoka jino hadi jino kulingana na uzito unaoutaka. Haipendi upepo. Haipendi mtu anayepiga chafya. Ndege ikishuka kwenye uwanja ulio karibu na karakana, sindano inatetemeka, na sisi tunaweka mikono mapajani tunasubiri abiria washuke salama. Mteja mmoja aliwahi kutukuta hivyo akadhani tunasali.

Mzee Maganga alikuwa na jiwe la shaba alilolisugua kwa msasa mwezi mzima mpaka likawa na uzito sawasawa wa baruti ya risasi moja ya zile bunduki kubwa. Tuliliita jiwe la haki. Sheria yake ilikuwa hii: asubuhi, na kila mara kijiwe cha mizani kikiguswa kwa sababu yoyote, weka jiwe la haki kwenye sahani. Sindano ikikaa kwenye mstari, soma jino, andika kwenye kitabu jino uliloliona. Ndipo uguse baruti. Aliniambia sheria hiyo mara nyingi kuliko alivyoniambia habari za watoto wake.

Sijapata kuona mtu anayeheshimu kitu kidogo kama yule mzee. Alikuwa anafuta venia kwa kitambaa cha hariri kilichokatwa kwenye gauni la marehemu mkewe. Nilimuuliza mara moja kama haoni vibaya. Akanijibu, "Angekuwa hai ningemwibia." Nilimpenda kuanzia hapo.

Sasa nikwambie habari za Baba Neema. Huyu alikuwa mlinzi wa kambi ile, Msumbwa wa Ushirombo, mrefu, mwembamba, Mkatoliki wa kuvaa rozari mpaka porini. Tembo wakitoka msituni kuingia kwenye mahindi ya watu, yeye ndiye anayeitwa. Kazi yake ni kupiga hewani wageuke, na wakikataa kugeuka, basi Mungu amsaidie. Kila alipokuja kuchukua risasi alituletea asali kwenye chupa ya maji, na utani.

"Mama Kulwa, bado hujaolewa tu? Au unawapima kwanza wanapungua?"

"Wanapungua, Baba Neema. Hata wewe ungepungua."

Alikuwa na tabia moja niliyoipenda. Risasi aliyoipata kwingine, ya dukani au ya kuazima, aliishika kwa vidole viwili akaitikisa sikioni. Baruti ikiwa kiasi chake, haijazi ganda, kwa hiyo inacheza ndani, unasikia chwa chwa kama mchanga kwenye kibiriti. "Inaongea," anasema, anaiweka mfukoni. Isiyoongea aliirudisha. Walinzi wote wa kambi ile walimuiga.

Tulikwenda hivyo miaka mingi. Nikawa ninajaza peke yangu, Mzee akabaki na mitutu yake. Mikono yangu ilianza kusifiwa mpaka Kahama, na sifa, mwanangu, ni kitu kibaya sana ukiwa na njaa ya mchana.

Maana ilikuwa ni mchana, siku moja. Shemeji yangu Shija, mume wa mdogo wangu, alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Akaingia karakana akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akafungua karatasi ya sigara. Ndani kulikuwa na kipande cha dhahabu kama punje ya mahindi iliyotafunwa.

"Shemeji, nipimie. Pale kwa madalali kila mizani ina njaa yake. Nataka nijue ukweli kabla hawajanidanganya."

Huku kwetu ni nani angekataa? Ndugu akija na dhahabu, na wewe una mizani isiyosema uongo, utamwambiaje hapana? Nikaona hata fahari. Nilikuwa nimemaliza trei moja ya risasi ishirini asubuhi, ya mlinzi mwingine mwenye bunduki kama ya Baba Neema, imebaki ya Baba Neema mwenyewe. Mzee alikuwa kwenye msiba Kolandoto. Nikahamisha kijiwe, nikapima dhahabu ya shemeji, nikamwandikia kwenye kiganja. Akaruka kwa furaha, akanisimulia shimo lote tangu juu hadi chini, nani alizimia kwa hewa mbaya, nani kaoa. Nikarudisha kijiwe mahali pake huku nikimwitikia, "Eeh. Ehee. Kumbe!" Nikala naye ugali. Gari la kambi likapiga honi nje, Baba Neema mwenyewe yumo, ana haraka, tembo wameanza kusogea mashambani.

Nikajaza trei ya pili mbio mbio. Jiwe la haki sikuliweka. Kwenye kitabu niliandika jino lile lile ninaloliandika kila siku. Niliandika kutoka kichwani, Rehema. Sikuandika kutoka kwenye mizani.

Baba Neema akazipokea ishirini zile zikiwa bado na joto la kiganja changu. "Wabeja sana, Mama Kulwa," akanishukuru kwa Kisukuma chake kibovu, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi nikafunua mizani niweke jiwe la haki. Sindano ikazama. Nikadhani ni vumbi. Nikapuliza, nikafuta, nikaweka tena, ikazama tena. Ndipo nikatazama meno. Kijiwe kilikuwa jino moja mbele.

Jino moja. Kwenye dhahabu ya Shija lingekuwa ugomvi na dalali. Kwenye lile ganda lilikuwa ni baruti ya kupasua chuma mbele ya uso wa mtu.

Nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa padri. Kidole changu kilikwenda. Kilikwenda kwenye kijiwe kukirudisha nyuma, kimya kimya. Kitabu kinasema jino sahihi, mizani ingesema jino sahihi, bunduki ni ya zamani, na bunduki za zamani hupasuka zenyewe. Nani angejua? Kidole kilishagusa shaba. Nilisikia baridi yake. Nikaona zile chupa za asali zimepangwa dirishani, tupu, nilikuwa nazitunzia mafuta ya taa. Nikaondoa kidole nikakimbia kwa Mzee, jikoni kwake, nyuma ya karakana.

Alikuwa anakunywa uji. Nilimwambia yote, dhahabu na yote, nikiwa nimepiga magoti bila kujua kama nimepiga magoti. Hakupaza sauti.

"Ngapi?"

"Ishirini, Mzee."

"Nani kachukua?"

"Baba Neema."

Akaweka kikombe chini, uji bado umo. Tukapiga simu: hapatikani. Kule kambini mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na wanakipanda alfajiri na jioni. Alfajiri ilishapita. Mzee akachukua trei ile ya asubuhi, iliyokuwa sahihi, akawasha pikapu yake, na mimi nikapanda na kitenge cha nyumbani. Baada ya Kahama nikaanza kulia, akaniambia, "Lia ukimaliza kazi." Nikajifuta uso. Ushirombo tukaliacha gari, tukachukua pikipiki mbili, mzee wa miaka sitini na kitu amekumbatia trei ya risasi kifuani kama mtoto mchanga, njia yote ya mchanga.

Tulipokaribia kijiji tukasikia makelele ya watu wakigonga madebe. Halafu, paa!

Nilishuka kwenye pikipiki nikakaa chini barabarani, nikasema, nimemuua. Yule kijana wa pikipiki akanishangaa. "Mama, hiyo ni fashifashi. Wanafukuzia tembo." Sikumwelewa. Mzee Maganga akanishika mkono akaninyanyua, tukaenda kwa miguu.

Baba Neema alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba, bunduki mapajani, anatafuna hindi la kuchoma. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, na tembo walikuwa wamesimama kwenye miti ya mbele, mgongo wa mmoja unaonekana.

"Mama Kulwa! Umefuata nini huku na kitenge kimoja? Umeamua tuoane?"

"Umepiga?" nikamuuliza. "Baba Neema, umepiga?"

"Bado. Madebe yamewarudisha mara mbili. Wakija ya tatu napiga hewani."

Nikamwambia. Sikupamba. Uso wake ulibadilika polepole. Akageuza bunduki upande, akafungua, ikaruka nje risasi iliyokuwa tayari ndani ya mtutu, ikadondoka kwenye majani. Nikaiokota. Ilikuwa yangu.

"Hukuitikisa?" Mzee Maganga akamuuliza. "Wewe unatikisa zote."

"Natikisa za watu wengine," akasema Baba Neema. Hakuwa ananitania. "Za huyu mama sijawahi. Za huyu naweka tu."

Mzee akaichukua mkononi mwangu, akaitikisa kwenye sikio langu. Kimya. Akachukua moja ya trei ya asubuhi, akaitikisa. Chwa chwa. Sasa nililia, na hakuna aliyenikataza. Baba Neema akapokea zile sahihi, akazitikisa zote kwenye sikio mbele yangu, na tembo wanatuangalia. Alipomaliza akanipa nusu ya hindi lake. Mara ya tatu tembo walikuja kweli, akapiga hewani mara moja, wakageuka.

Tuliporudi nazo karakana tukazifungua zote ishirini, Mzee akapima baruti ya kila moja mwenyewe, mimi nimesimama nyuma yake. Kila moja ilikuwa imezidi jino moja. Kila moja, hakuna iliyopishana na mwenzake hata kwa unywele. Alivua miwani akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "hata kukosea unakosea sawasawa."

Hilo ndilo karipio lote nililopata. Hakunifukuza. Aliandika kosa langu kwenye kitabu kwa wino mwekundu, na jina langu kamili, na ukurasa huo bado upo, utauona. Akaongeza sheria mbili. Ya kwanza, kwenye mizani ile haitapimwa dhahabu, hata aje nani. Shija alininunia mpaka Krismasi. Ya pili niliiomba mimi: hakuna mlinzi atakayetoka mlangoni kabla hajazitikisa risasi zake zote mbele yangu, zangu hasa. Baba Neema alipinga. Alisema ni matusi kwangu. Nikamwambia matusi ni kunizika nikiwa hai, kwa kuniamini mpaka ufe. Akakubali kwa shingo upande, na kila alipotikisa aliangalia pembeni kwa aibu.

Mzee Maganga alifariki miaka kadhaa baadaye, usingizini, kistaarabu kama alivyofanya kila kitu. Maikromita aliniachia mimi. Kile kitambaa cha hariri tuliomba wanawe tumzike nacho.

Mimi nimeondoka kwa sababu moja tu. Mwaka huu niliona mistari miwili kwenye venia palipo na mmoja. Nikafumba macho, nikafumbua, nikaiona tena miwili. Jioni hiyo hiyo nikakwambia uanze kujaza wewe. Watu walisema nimechoka. Sikuchoka, bado nina mikono. Ila jicho halidanganywi, na mimi nimeshajaribu kudanganya mara moja.

Ile sherehe ya kuniaga ulikuwepo, lakini ulikuwa jikoni na pilau, hukuona. Baba Neema alikuja kutoka Ushirombo, ndevu nyeupe, naye amebakiza miezi astaafu. Nilimkabidhi trei yangu ya mwisho mbele ya watu wote. Mgeni rasmi alishasimama na karatasi ya hotuba. Baba Neema akaiweka trei mezani, akachukua ya kwanza akaitikisa kwenye sikio la kulia. Sikio hilo bunduki zimelimaliza. Akahamia la kushoto. Safari hii hakuangalia pembeni, alinitazama mimi. Watu wakaanza kunong'ona, mgeni rasmi akakohoa, akakaa. Ya pili. Ya tatu. Mtu akamwambia, "Baba Neema, si za Mama Kulwa hizo? Pilau linapoa."

"Ni za Mama Kulwa," akasema. "Ndiyo maana."

Akazitikisa zote ishirini, na mimi nikasimama pale mpaka ya mwisho ikaongea.